Binti yetu njiti ametoka wodini na kilo 1.8: tuchunge nini mwaka huu wa kwanza?

Mwaloni_Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa wazazi waliopitia hali hii, na wataalamu wa afya kama mpo humu.

Mke wangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 33. Presha ilipanda ghafla, akahamishiwa hospitali ya rufaa hapa Mwanza, ikabidi wamzalishe. Binti akatoka na kilo 1.7. Wakakaa wodi ya watoto njiti, mama akafundishwa kumbeba kifuani na kukamua maziwa, wakaruhusiwa akiwa na 1.8. Juzi kliniki mzani umesoma 2.2. Wiki ijayo anatimiza wiki 6.

Mama yangu mzazi amekuja kutoka Misungwi kumsaidia mkwewe, na kwa kweli bila yeye tungeshachoka. Ila anaona mjukuu ni mdogo mno. Anasema maziwa ya mama hayatoshi, apewe maji kwa sababu ya joto na uji mwepesi apate nguvu. Amekuja pia na dawa ya mchango. Mke wangu hawezi kubishana na mama mkwe, na mimi huyo ni mama yangu. Kilichoniumiza zaidi, jirani mmoja amemwambia mke wangu kwamba mtoto ametoka hivyo kwa sababu alikuwa ananyanyua magunia ya dagaa. Tangu siku hiyo analia usiku.

Naomba kujua: maziwa yanatosha kweli? Hatari zenyewe za mwaka wa kwanza ni zipi? Je, atachelewa akili? Na mimi baba naruhusiwa kumbeba kifuani ile wanayoita kangaroo au ni kazi ya mama peke yake?

Bwiru_Juu

Hongereni mkuu, Mungu awakuzie. Kutoka 1.8 mpaka 2.2 huyo anapanda. Nimekaa hapa kuwasoma wenye uzoefu.

Mama_Kulwa_na_Doto

Pole kaka, na umpe mkeo pole nyingi. Wangu walizaliwa Nansio, Doto akiwa na kilo 1.6, tukavushwa na kivuko kuja Mwanza mtoto akiwa kifuani kwangu chini ya vitenge viwili na sweta la baba yake.

Njiti hasumbui, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto aliyetimiza akisikia njaa atalia mpaka mtaa usikie. Huyu wenu akisikia njaa atalala. Anaanza kunyonya, anavuta mara tano sita, anachoka, anasinzia na ziwa mdomoni, nawe unadhani ameshiba. Usimsubiri alie. Kila saa mbili, zikizidi sana tatu, mwamsheni, usiku na mchana. Mimi nilikuwa namvua soksi na kumsugua nyayo kwa kidole mpaka afumbue macho. Akigoma kabisa, mama akamue, mumnyweshe kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa amekaa wima, kikombe kinagusa mdomo wa chini na yeye mwenyewe anaramba. Usimmiminie, atapaliwa. Chupa achaneni nayo, kuiosha ikatakata ni kazi kubwa na kuhara kwa mtoto wa kilo 2 si mchezo.

Kuhusu wewe kumbeba: beba! Mume wangu ni mvuvi, mikono ina makovu ya nyavu, lakini Doto alikuwa analala kwake kuliko kwangu. Na mimi nilipata saa mbili za kulala.

Mzee_wa_Magu

Mwanangu, mimi nimelea watoto wengi na wajukuu. Zamani hakukuwa na mashine wala wodi ya njiti. Walipewa maji ya uvuguvugu, uji wa mtama, wakikohoa sana wanakatwa kimeo, wakiharisha tunaangalia kama ni meno ya plastiki. Walikua. Msikilizeni mama, ana uzoefu.

Nesi_wa_Wachanga

Mzee wangu shikamoo. Nakuheshimu, lakini kwa hili naomba nikupinge, kwa sababu watoto waliokatwa kimeo nimewapokea kwa mikono yangu. Wanafika wamepoteza damu, wengine jeraha limeoza. Kimeo hakileti kikohozi, ni kinyama ambacho kila mtu anacho. Na hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni machipukizi ya meno ya kawaida yaliyo ndani ya ufizi. Yaking'olewa mtoto anavuja damu, anaingiza wadudu, na meno yake ya baadaye yanaharibika. Mtoto anayeharisha anahitaji maziwa ya mama, maji ya ORS na zinki kutoka kituo cha afya.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi. Nimefanya kazi wodi ya watoto wachanga kwa miaka, nitaandika kwa kirefu kidogo.

Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5 tunasema ana uzito pungufu, na chini ya 1.5 ni pungufu sana. Hampo peke yenu: duniani karibu mtoto 1 kati ya 7 huzaliwa chini ya kilo 2.5. Wengine wamewahi kutoka, wengine wametimiza miezi yao lakini kondo la nyuma halikuwapitishia chakula vizuri, na wengine yote mawili. Huku kwetu Kanda ya Ziwa malaria inachangia sana, maana vimelea hujificha kwenye kondo hata mama asipokuwa na homa. Ndiyo maana mjamzito anapewa SP, vidonge vya kukinga malaria, kliniki na chandarua chenye dawa. Kuna na upungufu wa damu, mapacha, mama mwenye umri mdogo. Kwa mkeo sababu iko wazi kwenye faili: presha. Magunia ya dagaa hayampi mtu presha ya mimba. Mwambie hivyo leo, umtazame machoni. Na yeye mwenyewe arudi kupimwa presha, wengi wanasahaulika mtoto akishatoka. Mimba ijayo, Mungu akijalia, aanze kliniki mapema na aseme alipata presha, kuna dawa ya kupunguza uwezekano wa kurudia.

Maziwa yanatosha. Kwa sehemu kubwa ni maji, karibu asilimia 87, kwa hiyo hata mchana wa jua kali hapa Mwanza mtoto hahitaji maji ya kando. Tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji au uji, unafukuza maziwa yenye mafuta na kinga ukaweka kitu kisicho na nguvu, na mara nyingi kisicho safi. Dawa ya mchango hatujui ina nini wala kipimo chake, na figo na ini la njiti bado ni changa. Atakuambia mwenyewe kama anashiba: akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na akiongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, yuko sawa. Msimpime kwa macho ya majirani, mpimeni kwa mzani.

Joto. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, anapoteza joto haraka, na upepo wa ziwani usiku mnaujua. Mtoto akipoa anatumia nguvu zote kujipasha moto na uzito haupandi. Kangaroo maana yake avae nepi, kofia na soksi tu, alazwe wima katikati ya kifua kilicho wazi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili pumzi ipite. Funga kitenge kikaze mpaka usawa wa sikio lake, kisha vaa shati juu. Baba, bibi, shangazi, yeyote mzima asiye na mafua anaweza. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, miaka ya 1970 kwa sababu mashine za joto hazikutosha, na utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ukatolewa 2021, ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya kilo 1.8, kuianza mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri mtoto atulie kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Endeleeni saa nyingi kadiri mnavyoweza, hasa usiku, mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga anataka kutoka. Wengi hufika hapo wakikaribia kilo 2.5.

Dalili za kukimbia hospitali hata saa nane usiku: amekataa kunyonya, amelegea haamki, degedege, mwili wa moto kuanzia 37.5 au wa baridi usiopata joto hata kifuani, anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, macho au viganja na nyayo vimekuwa vya njano, kitovu kinatoa usaha. Msianze na panado, msianze na duka la dawa.

Baba_wa_Igoma

Naongeza hapo kwenye kupumua maana ndiko tulikoponea. Wetu alizaliwa na kilo 1.9, akanenepa vizuri, tukajisahau. Mvua zilipoanza tukawa tunapikia ndani kwa mkaa. Akapata mafua ya kawaida tu, mpaka siku moja nikaona shimo chini ya mbavu kila akivuta hewa. Nimonia.

Pale daktari alinifundisha kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue nguo tumboni, weka simu dakika moja kamili, hesabu tumbo linavyopanda. Chini ya miezi 2, ikifika 60 ni haraka. Kuanzia miezi 2 mpaka mwaka, ikifika 50 ni haraka. Hesabu mara mbili, kisha usisubiri asubuhi. Na wewe unakaa Kirumba, moshi wa jiko na wa sigara usiuruhusu chumbani kabisa. Anayetoka mwaloni anaoga na kubadili shati ndipo ambebe.

Mwaloni_Kirumba

Nimesoma kila neno, asanteni sana. Nimemsomea na mke wangu ile ya magunia, amelia tena ila leo ni kilio kingine.

Nesi, wiki 6 inafika na mtu ametuambia chanjo tusubiri mpaka afike kilo 3. Pia tuliandikiwa matone ya kuongeza damu, bibi anasema yanamchafua choo kinakuwa cheusi. Tuyaache? Na hilo la akili naomba mnijibu hata kama jibu ni gumu.

Nesi_wa_Wachanga

Chanjo za wiki 6 hufuata kalenda, tarehe aliyozaliwa, si uzito. Njiti ndiye anayezihitaji zaidi kwa sababu alitoka kabla ya kupokea kinga yote ya mama. Nimonia, kuhara, kifaduro, zote zinampiga yeye vibaya kuliko mwenzake wa kilo 3.5. Mpelekeni wiki 6, 10 na 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18. Kama BCG, chanjo ya kifua kikuu, hakupewa wodini kwa sababu ya uzito, ulizeni siku hiyo hiyo.

Matone msiache. Mtoto huweka akiba ya madini ya chuma tumboni miezi ya mwisho, na wenu hiyo miezi hakuipata. Ndiyo maana njiti wengi wanaishiwa damu kabla ya kufika nusu mwaka. Choo cheusi ni madini yenyewe, hakina shida. Kawaida yanaendelea angalau mpaka miezi 6, na kipimo hubadilika uzito ukipanda, kwa hiyo kila kliniki ulizeni upya. Msije mkasaga vidonge vya mama, vinaweza kumuua mtoto.

Kuhusu akili. Mtoto wenu amewahi wiki 7, yaani 40 toa 33. Leo ana karibu wiki 6, maana yake kwa hesabu ya tumboni hata siku yake ya kuzaliwa haijafika. Kwa hiyo akifika miezi 6 ya kalenda, kushika vitu, kugeuka na kucheka mlinganishe na mtoto wa miezi minne na kidogo. Mama asiyejua hesabu hii anateseka bure. Njiti wengi wa uzito kama wa wenu huwafikia wenzao. Wachache hawafiki, siwezi kukuficha, na ndiyo maana kliniki ya ufuatiliaji ipo: kuona mapema mwili ukikakamaa, kichwa kisichokaza, macho yasiyofuata sura ya mama, mtoto asiyeshtuka kwa sauti. Mazoezi yakianza mapema yanasaidia sana. Kama aliwekewa oksijeni, ulizeni kuhusu kupimwa macho.

Vyakula vingine vianze miezi 6, si kabla. Hapo dagaa wetu wana kazi: waliooshwa mchanga, wakakaushwa, wakasagwa laini, kijiko kwenye uji mzito au viazi lishe. Na alale chali, chini ya chandarua, bila mito.

Mkwe_wa_Sengerema

Kaka, kwa mama yako usitumie maneno yako wala ya mkeo. Mimi wangu alikuwa vile vile. Nilimwomba tu anisindikize kliniki ambebe mjukuu. Nesi akamweleza yeye, akamwonyesha mstari kwenye kadi unavyopanda kwa maziwa matupu. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyekuwa mlinzi, mgeni akija na kikombe cha maji anamrudisha mlangoni. Bibi anataka kazi, mpeni ya kangaroo.

Mwaloni_Kirumba

Nimemweleza mama, amekubali kwenda Jumatatu, na ameuliza kama kifua cha mtu mzee kina joto la kutosha.

Nesi_wa_Wachanga

Kinatosha kabisa, aoge na akate kucha tu. Jumatatu mbebe kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa wodini na chupa ya matone wakokotoe kipimo kwa uzito mpya. Mfike mapema, na mwombe apimwe bila nguo, kwa mzani ule ule wa juzi. Na mkeo apimwe presha papo hapo, msiondoke bila hiyo.