Pamba: nyuzi fupi vitumba vya chini, nyuzi dhaifu vya juu. Tatizo liko hatua gani?

Mkulima_Meatu
Wakuu, shamba moja, mbegu ile ile ya UKM08. Vitumba (matunda ya pamba) vya chini vina nyuzi fupi. Vya juu nyuzi ni ndefu lakini zinakatika ukizivuta. Unyuzi unaanza lini kukua, na kila kasoro inatokea wapi? Na yale manyoya yanayobaki kwenye mbegu baada ya kuchambuliwa ni nyuzi zilizodumaa?

BwanaShamba
Kila unyuzi ni seli moja tu ya ngozi ya nje ya mbegu. Inachomoza siku ua linapofunguka likiwa jeupe. Kesho yake ua likigeuka waridi, kazi imeshaanza. Mbegu moja hubeba nyuzi zaidi ya 10,000.

Kuanzia hapo hadi siku ya 20 au 25 unyuzi unarefuka. Seli huvuta potasiamu na sukari, maji yanaingia, na msukumo wa maji hayo ndio unaoutanua ukuta wake ambao bado ni laini. Ukame wa wiki hizo tatu unafupisha nyuzi, na mvua ya baadaye hairudishi urefu. Hapo ndipo pa kuangalia kwa vitumba vyako vya chini: mvua ilikatika lini?

Kurefuka kukikaribia kuisha, hadi siku ya 40 au 45, selulosi, yaani kitu kinachojenga ukuta wa unyuzi, hupangwa tabaka kwa tabaka kwa ndani. Chakula chake kinatoka kwenye majani. Majani yakiliwa na wadudu, usiku ukiwa wa baridi au mmea ukichoka, ukuta unabaki mwembamba. Nyuzi hizo hukatika, hujifunga vifundo kiwandani na hazishiki rangi sawasawa. Vitumba vya juu huangukia humo kwa sababu vimechelewa.

Manyoya si nyuzi zilizodumaa. Ni kundi jingine, huanza siku kadhaa baadaye, fupi lakini lenye ukuta mnene. Ndiyo maana mashine ya kuchambua huyaacha na kuyatoa huhitaji asidi au mashine maalumu.

Pamba_Safi
Naongezea mdudu kangambili. Anachoma tumba changa hadi kwenye mbegu; mbegu ikifa, nyuzi zake husimama pale pale. Tundu hilo pia huingiza ukungu unaotia madoa, na hiyo ndiyo pamba fifi, ya daraja la chini. Kagua vitumba vyenyewe, usiishie kwenye majani.

Kupima ukomavu: funga uzi wenye tarehe kwenye kikonyo cha ua jeupe. Baadaye kata tumba katikati kwa kisu kikali. Kisu kikipita kirahisi na mbegu ina utelezi ndani, bado. Nyuzi zikivutika na kuning'inia kwenye kisu, na ganda la mbegu limeanza kuwa kahawia, limekomaa.

Mkulima_Meatu
Kwa hiyo nikiweka mbolea sasa, vya chini havitarefuka?

BwanaShamba
Hapana, urefu wake umeshafungwa. Na naitrojeni sasa hivi itachipusha majani mapya na kuchelewesha vitumba kufunguka. Linda majani yaliyopo hadi vya juu vikomae.