Mjadala: Albamu ihesabiwe kwa idadi ya nyimbo au kwa dakika?

Mtoa hoja:
Ndugu zangu, kila Ijumaa, siku ambayo tangu Julai 2015 ndiyo ya kutolea albamu mpya karibu dunia nzima, huwa najiuliza swali lile lile: kwa nini wimbo wa dakika mbili na kipande cha dakika ishirini vihesabiwe sawa? Katika huduma za kusikiliza muziki mtandaoni kama Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa zikishapita sekunde 30, na baada ya hapo msikilizaji akiendelea dakika moja au nusu saa, hesabu ni ile ile. Chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilipoanza kuingiza usikilizaji wa mtandaoni mwaka 2014, nayo ilishika njia hiyo: nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500 kwa jumla, ilihesabiwa kuwa imeuzwa albamu moja.

Chukueni mfano. Mwaka 2018 mwana rap Drake alitoa albamu ya Scorpion, nyimbo 25 zenye takriban dakika 90, kwa hiyo anayeisikiliza yote anaandikiwa mara 25. Anayesikiliza Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis ya mwaka 1959, ametoa dakika 45 hivi za maisha yake na anaandikiwa mara tano tu. Muziki wa klasiki ndio unaoumia zaidi: Simfoni ya Tisa ya Beethoven inapita saa moja na ina sehemu nne, na wapo wanaoikata ile ya mwisho vipande vipande. Promises ya mwaka 2021, waliyoifanya mwanamuziki wa elektroniki Floating Points, mpiga saksafoni wa jazi Pharoah Sanders na okestra ya London Symphony Orchestra, ni kazi moja ya dakika 46 iliyogawanywa sehemu tisa, ambamo noti saba hurudi na kurudi mpaka, katika sehemu ya sita, ala za nyuzi zinapanda na kufunika kila kitu. Ukiichomoa sehemu hiyo peke yake husikii ilipotokea, lakini kwa mhesabuji hakuna kilichopotea.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, nakubali mifano yako ila siukubali ugonjwa unaoutaja, kwamba hesabu hii ndiyo inayoumiza kazi ndefu. Albamu haijawahi kuwa huru: santuri ndefu ya kampuni ya Columbia ya mwaka 1948 iliubana upande mmoja kwenye dakika ishirini na kitu, na CD ilipoingia na dakika zake 74, wengi walijaza nafasi kwa nyimbo ambazo hakuna aliyezihitaji. Halafu tazama waliofanya kinyume. Mwana rap Kendrick Lamar alitoa albamu ya GNX Novemba 2024 bila kutangaza, nyimbo 12 tu, ikaingia kileleni Marekani. Mwezi huo huo bendi ya The Cure walirudi baada ya miaka 16 na albamu ya roki ya nyimbo nane, ikashika namba moja Uingereza. André 3000 naye, mwana hip hop aliyegeukia filimbi, mwaka 2023 aliingiza kwenye chati ya nyimbo ya Billboard kipande kinachopita dakika 12. Tena ukianza kulipa kwa dakika, watakaotajirika si wapiga jazi bali wenye sauti za mvua za kulalia, zinazocheza usiku kucha hali msikilizaji anakoroma.

Mtoa hoja:
Hao watatu wangeweza kutoa ukimya na bado tungeusikiliza, ndugu yangu; majina yao yalikwisha kujengwa zamani. Ninayemsemea ni mpiga piano asiyejulikana, mwenye vipande vinne virefu, ambaye anashauriwa avikate viwe kumi na viwili, na huo ni ushauri wa kihasibu, si wa kimuziki.

Kuhusu mvua, umegusa penyewe. Sauti hizo zilikuwa zikikatwa vipande vya zaidi kidogo ya sekunde 30, kwa sababu kila kipande kilikuwa na malipo yake, hata Spotify ikalazimika kuweka sharti, kuanzia 2024, kwamba kipande cha aina hiyo kifike dakika mbili ndipo kilipwe. Kama urefu unaweza kuangaliwa kwenye mvua, naomba yeyote anieleze kwa nini hauwezi kuangaliwa kwenye simfoni.