Mdogo wangu ana Duchenne, na mimi nipime jeni?

MamaIgoma: Wakuu, mdogo wangu wa kiume ana Duchenne, ule ugonjwa wa jeni unaodhoofisha misuli, akiinuka anajishika magoti kisha mapaja kama anakwea mawe ya Mabatini hapa Mwanza, sasa mi nina mimba changa na ukweni wanasema kwetu tumerogwa, nikapime?

Kirumba_Mwaloni: Pole dada. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu X, mama akiwa na yenye hitilafu kila binti ana 50% ya kuibeba. Ila kama theluthi ya wagonjwa ni mabadiliko mapya ya jeni, mama hana kitu.

SatoMkavu: Aanze dogo bana, wakishaona hitilafu yake iko wapi ndo watajua watafute nini kwako. CK pekee (kile kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli) haitoshi, wabebaji wengine inasoma kawaida tu

MamaIgoma: Haya, Jumatatu naenda nae.