Kano ya bega imechanika: nishonwe kwa safu moja au safu mbili?

Mleta uzi:
Ndugu zangu, nawasalimu. Kipimo cha MRI kimeonyesha kwamba ile kano ya juu ya bega inayosaidia kunyanyua mkono imechanika unene wake wote, kwa upana wa sentimita 2 hivi. Daktari bingwa wa mifupa amependekeza upasuaji wa matundu madogo, akaeleza kwamba kano hurudishwa kwenye mfupa kwa nanga ndogo zenye nyuzi, zikipangwa safu moja au mbili. Yeye anaelekea safu moja, nami nimesoma kwamba safu mbili ni imara zaidi. Nikubali, au niombe hiyo ya pili?

Mtaalamu wa viungo:
Ulichosoma ni kweli, ila uimara huo umethibitika zaidi maabara kuliko kwa wagonjwa. Katika safu moja, kano hugusa mfupa kwenye ukanda mwembamba tu. Safu mbili huongeza nanga upande wa nje, na katika namna iitwayo daraja la nyuzi, nyuzi za safu ya ndani huvushwa juu ya kano na kukazwa kwenye safu ya nje, hivyo kano hulala bapa na kugandamizwa kwenye eneo pana la mfupa. Hata hivyo, kwa mchaniko usiofika sentimita 3, maumivu na uwezo wa mkono baadaye havitofautiani sana. Faida ya safu mbili, yaani kano kutochanika tena kwa urahisi, hujitokeza zaidi kwenye michaniko mikubwa.

Mchangiaji wa pili:
Niongeze jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema. Safu moja ikishindwa, kwa kawaida kano huachia pale pale kwenye mfupa. Safu mbili ikishindwa, kano huweza kukatika ndani zaidi, karibu na msuli, na atakayerudia upasuaji akakuta kano fupi isiyofika. Kwa hiyo mimi ningemuuliza daktari kwanza kuhusu msuli wenyewe: umeingiliwa na mafuta kiasi gani? Kipimo cha Goutallier cha mwaka 1994 huanzia kiwango cha 0 hadi cha 4, na kuanzia cha 3, ambapo mafuta yamelingana na msuli, matumaini ya kano kushika hupungua hata nanga zikiongezwa.

Mleta uzi:
Nashukuru sana. Je, safu mbili hufupisha muda wa kupona?

Mtaalamu wa viungo:
Hapana. Kwa namna zote mbili, mkono huning'inizwa shingoni kwa wiki 4 hadi 6, na mazoezi ya nguvu husubiri hadi wiki ya 12 hivi, kwa sababu kano hujishikiza kwenye mfupa taratibu na nyuzi huishikilia kwa muda tu. Kisukari kisichodhibitiwa na sigara hudhoofisha uponaji huo.

Mleta uzi:
Sigara navuta, na daktari hakuniuliza.

Mchangiaji wa pili:
Basi mwambie kabla hamjapanga tarehe, na uanze kuacha sasa.