Naomba ushauri: vidimbwi vya mwamba Coco na wanafunzi 18

Habari zenu wakuu. Nataka kuwapeleka wanafunzi 18 wa darasa la sita, tukiwa walimu watatu, kuangalia viumbe kwenye vidimbwi vya mwamba pale ufukwe wa Coco, Dar, bamvua ijayo (siku maji yanapokupwa na kujaa sana). Maji yatakupwa kabisa kama saa nne na nusu asubuhi. Mpango ni kushuka saa tatu. Bamvua hapa tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3: saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda kidogo tu, unajiona una muda, kisha saa ya tatu na ya nne peke yake yanapanda mita moja na nusu.

Njia nimeshaikagua. Kandambili hazifai kabisa, zinateleza kwenye mwani. Raba kuukuu zinashika, ila soli nyembamba inapenywa na miiba ya wale viumbe weusi wa baharini wanaokaa mashimoni. Konokono wa umbo la pia amri ni moja, haguswi hata akiwa mzuri vipi.

Kilichonikwamisha ni ufa mpana ulioko njia ya kurudi. Nilipoukuta ulishajaa hadi magotini, na mwamba niliotoka kusimama bado mkavu. Kwa mtoto hapo ni mapajani.

Naomba kujua: tugeuke nusu saa kabla ya kupwa kabisa, au inatosha maji yakianza kurudi? Na mtoto akichomwa na samaki jiwe (yule mwenye miiba ya sumu), chupa ya chai ya lita 2 inatosha kuloweka mguu kwenye maji moto saa nzima, au nibebe na jiko?