Naomba ushauri: kumtembeza mgeni milimani Januari hii

Wadau, salaam. Naishi Sheffield, Uingereza, na rafiki yangu wa Tanga anakuja mwanzoni mwa Januari. Kang'ang'ania nimpeleke mashambani, mambo ya maduka hataki kusikia. Nilifikiria treni hadi kijiji cha Edale, tupande kilima cha Mam Tor (mita 517), tushukie kijiji cha Castleton tunywe chai.

Juzi nimeenda kuikagua njia. Tope tupu, linameza buti hadi kifundoni, na pale kwenye geti la kondoo barafu ilikuwa haijayeyuka hata saa sita mchana. Halafu saa kumi jioni jua limeshazama! Mwenzangu baridi anayoijua ni ya Lushoto, na goti lake la kulia humsumbua akishuka mteremko. Koti zito na soksi za sufu nimeshampatia. Viatu ndio mtihani: anavaa namba 46, hakuna wa kumwazima.

Je, gambuti zinatosha, au ninunue buti za milimani hata kama atazivaa mara moja? Na kwa goti hilo, nimpeleke Monsal Trail kule Bakewell, njia tambarare ya reli ya zamani, au nitakuwa nimemnyima uhondo? Mliowahi kutembeza wageni msimu huu, nisaidieni.