Majirani wanapinga mnara wa simu, naombeni ushauri wa haraka

Kiroboto Mpole: Wakuu, habari za muda huu. Mtaani kwetu kampuni inataka kusimika mnara wa simu kwenye kiwanja kilicho katikati ya nyumba. Majirani wamechachamaa, wanapitisha karatasi ya saini mlango kwa mlango. Eti mionzi italeta kansa na wanawake hawatashika mimba. Kuna ukweli? Na anayetaka kuwatuliza aanzie wapi? Usiku silali.

Fundi wa Nguzo: Nimepanda minara miaka mingi. Mionzi hiyo si kama ya eksirei, haina nguvu ya kuvunja vinasaba. Mwaka 2011 wakala wa saratani wa WHO aliiweka kundi 2B, yaani "huenda", ambako hata dondoo la jani zima la aloe vera lipo. Antena inamulika mbele kama tochi, haimwagi chini, na umbali ukiwa mara mbili nguvu inabaki robo. Simu unayoibana sikioni ndiyo inayokupiga zaidi, hasa mtandao ukiwa hafifu, maana inajikamua kuufikia mnara. Nyie ulizeni habari za jenereta.

Mama Pacha: Jenereta! Walisimika nyuma ya nyumba yangu. Muungurumo usiku kucha, na ile taa nyekundu ya juu inaingia mpaka chumbani. Mume wangu akahamia sebuleni kwa sababu ya taa. Mnara ulishang'olewa, yeye bado yuko sebuleni.

Msomaji Kimya: Mleta mada, kiwanja ni cha nani? Umeruka hapo.

Kiroboto Mpole: Cha familia.

Msomaji Kimya: Familia ya nani?

Kiroboto Mpole: Haya, yetu. Marehemu baba alituachia tukiwa wanne. Lakini ninayeishi hapo ni mimi, ninayefyeka ni mimi. Mkataba nilisaini mwezi uliopita na malipo ya kwanza nimepokea. Kabla hamjanirukia: wenzangu ningewagawia, nasubiri mambo yatulie kwanza. Na hao wanaopinga ndio wa kwanza kulalamika simu zinakata!

Mzee wa Busara: Umekula mali ya urithi peke yako, kijana, halafu unatuuliza habari za mionzi. Usingizi huo haukukimbizwa na mnara.

Kijiko cha Mwisho: Hii chai. Mwenye kesi ya urithi anaanzaje na kansa? Huyu ni dalali wa kampuni anapima upepo. Na Fundi naye katokea papo hapo na 2B zake.

Fundi wa Nguzo: Dalali gani anataja jenereta? Kiroboto, angalia mkataba: ni wa miaka mingapi, kampuni nyingine ikifunga antena zake kwenye mnara huohuo kodi inapanda au wanakula wao, na ukiisha nani anaung'oa. Wengi huachiwa chuma.

Kijiko cha Mwisho: Aweke picha ya ukurasa wa kwanza, afute majina. Akishindwa tufunge uzi.

Kiroboto Mpole: Sinao.

Kijiko cha Mwisho: Nilisema.

Kiroboto Mpole: Anao dada yangu. Aliukuta kabatini. Hiyo karatasi ya saini ni yeye anayeipitisha.

Mzee wa Busara: Duh.

Mama Pacha: Kwani hiyo jenereta wataiweka upande gani?